Familia yangu iliboeka kipindi cha corona, ikang'oa masale ya mpaka

Wakuu, habari za humu ndani. Wanaostahili kuniamkia, shikamoo yao nimeipokea tayari, na kama yupo mkubwa kwangu, basi namwamkia mimi.

Nyuzi zenu nimezisoma muda mrefu bila kusema kitu. Leo nasema. Sitaongeza chumvi, maana chumvi yenyewe daktari alishanikataza.

Naandika kwa kidole kimoja. Shule yangu iliishia darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, kwa hiyo ukiona herufi imekaa vibaya irekebishe kimoyomoyo uendelee.

Nitaanzia mbali. Mwenye haraka aruke.

Zamani nilikuwa mpasua mbao. Siyo kwa mashine. Ni ule msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine yuko chini shimoni. Wa juu anafuata mstari, wa chini anakula vumbi. Mimi nilikuwa wa chini. Kikohozi changu hiki watu wanasema ni sigara, sigara sijawahi kuvuta.

Wa juu alikuwa Hoza.

Hoza ni jirani yangu. Shamba la baba yake na la baba yangu yameshikana, tumekua pamoja, tumetahiriwa msimu mmoja. Yeye Mwislamu, mimi wa kanisa la Kilutheri, na Idi na Krismasi zote tulizila mara mbili.

Sasa msimu mmoja tuko msitu wa Shume, mvua ikashika. Mvua ya kule siyo ya kunyesha ikaacha. Inanyesha, ikichoka inageuka ukungu, ukungu ukichoka inanyesha tena. Shimo likajaa maji, kazi ikasimama, tukakaa kibandani watu watatu. Mimi, Hoza, na bwana mmoja mbeba mbao aliyetoka Magoma, kule chini kwenye joto. Baridi ya milimani ilimtesa, alikuwa anavaa nguo zake zote kwa pamoja.

Mwanzoni tulicheka. Baadaye kila mtu akaanza kusikia sauti za mwenzake. Hoza anapiga mluzi mmoja huohuo. Bwana wa Magoma anatafuna mahindi ya kukaanga mpaka unatamani meno yake yamwishe. Na mimi naongea. Hadithi zangu ziliisha nikaanza kuzirudia nikibadilisha majina ya watu.

Asubuhi moja yule bwana akainuka, akafunga kamba za viatu.

Hoza akamwuliza, "Mvua yote hii, unakwenda wapi?"

Akajibu, "Hapo tu."

Uji wake tukaufunika kwa sahani usipoe. Hakurudi. Mchana hakurudi, kesho yake hakurudi. Koti lake la mvua lilibaki msumarini mpaka siku tunabomoa banda.

Mimi nilikasirika, nikasema angalau angetutukana kwanza. Hoza, ambaye huniita mgoshi kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, akaniambia, "Mgoshi, angetutukana angebaki."

Maneno hayo yalinipita. Nilikuwa kijana, nilikuwa nafikiria mbao.

Haya. Twende kwenye corona.

Nyote mnakumbuka, Tanzania serikali haikuwafungia watu majumbani. Shule zilifungwa, watu wakaambiwa wasibanane, wanawe mikono. Soko la Mlalo lilikuwepo, karoti zinauzwa, kabichi zinauzwa, ndoo za maji na sabuni ndizo zilizoongezeka.

Aliyetufungia sisi ni mwanangu.

Anaitwa Elibariki. Anafanya kazi ya ofisini Dar, amesoma, sina la kusema kwenye kusoma kwake. Shule zilipofungwa akapandisha gari huku milimani na mke wake na watoto watatu. Wameshuka wamefunikwa midomo, wamebeba maji ya kunawia yanayonuka kama pombe, na kufuli kubwa jipya.

Hata hatujakaa vizuri akasema, "Baba, wewe na mama mna umri. Huu ugonjwa unatafuta wazee. Kuanzia leo hatoki mtu hapa na haingii mtu."

Nikamwambia, "Na ng'ombe?"

"Ng'ombe nitamtafutia kijana wa kumkatia majani, atayaacha nje."

"Na kanisa?"

"Utasikiliza redioni."

Nyumba ni yangu, ila bati jipya aliweka yeye, na geti aliweka yeye. Mtu akishakuezekea anakuwa na sauti. Wenye watoto wenye kazi mtanielewa.

Akafunga geti. Ufunguo akautia mfukoni.

Basi tukakaa.

Wakuu, mimi neno kuboeka nilijifunzia hapo. Nilidhani ni ugonjwa mwingine. Kila ukimwuliza mtoto, "Una nini?" anajibu, "Nimeboeka, babu." Mama yao kaboeka. Baba yao kaboeka, anazunguka nyumba ameinua simu juu anatafuta mtandao, na mtandao mzuri unapatikana nyuma ya choo. Kwa hiyo mikutano yake ya ofisini yote ilifanyika nyuma ya choo, na tai ameifunga.

Siku za kwanza wajukuu waliniomba hadithi. Nikawapa. Wakakaa kwenye jiko la mafiga na bibi yao, moshi unawatoa machozi, wanacheka. Nilifurahi, siwezi kukataa.

Haikupita muda mrefu nikaanza hadithi, wa kati akasema, "Babu, hiyo umeshasema."

Nikaanza nyingine.

"Na hiyo."

Nilimkumbuka bwana wa Magoma.

Makande nayo yakaleta maneno. Sisi huku makande ni chakula, tena ukiyaunga vizuri na maziwa mtu anaomba aongezewe. Mke wa mwanangu akayala vizuri mwanzoni, baadaye nikamsikia anamwambia mumewe, "Makande tena?" Mke wangu alisikia pia. Alishika mwiko akaongeza maziwa. Yeye si mtu wa kusema.

Halafu kuna hili la ukwe, vijana wa mjini hamtalielewa. Mimi na mke wa mwanangu kwa desturi yetu hatukai kochi moja. Nikiingia yeye anajifunga kanga na kutoka, au mimi nakohoa mlangoni kwanza apate nafasi ya kujiweka sawa. Ukija kusalimia siku mbili haina shida. Lakini mfungiwe nyumba moja wiki na wiki. Mchana kutwa amelala kwenye kochi anaangalia tamthilia, miguu imenyooka, na mimi niko mlangoni nakohoa. Mwisho nikachoka kukohoa nikahamia jikoni. Jikoni nikamchosha mke wangu. Nikahamia zizini. Ng'ombe peke yake ndiye hakulalamika.

Watoto wanagombania rimoti. Umeme unakatika, wanagombana bila rimoti. Mtu na mkewe wakawa wanasemezana kwa watoto. "Mwambie baba yako chai iko mezani." Na baba mwenyewe amekaa hapo.

Samahani wakuu, simu ilizima. Chaji huku inategemea jua. Naendelea.

Nilisema Hoza ni jirani. Niwaeleze vizuri, maana uzi wote umekaa hapo.

Kati ya shamba langu na lake kulikuwa na masale. Mliokulia milimani mnayajua, yale majani marefu yaliyochongoka yanayopandwa mpakani. Yetu yalishuka kutoka kwenye mti wa plamu mpaka kijitoni. Yalipandwa na baba yangu na baba yake. Hao wazee walishagombana kwa ajili ya ardhi hiyo mpaka wakashikiana mapanga, ndipo wakakalishwa kikao wakapatanishwa. Wakapanda kwa zamu, baba yangu anapanda shina moja, baba yake anapanda linalofuata, hivyo hivyo mpaka chini. Ili asitokee mtu wa kusema ni ya kwangu. Yalikuwa ya wote wawili.

Kuyang'oa masale bila mwenzako siyo kosa la bustani. Ni kumwambia mwenzako ujirani umekwisha, njoo na panga lako.

Na pale kwenye masale ndipo tulipokuwa tunaonana. Kila asubuhi, miaka yote. Yeye upande wake, mimi upande wangu, tumeegemea majembe. Tunaongea kwanza, jua likipanda ndiyo tunalima. Hatukuwa na jambo kubwa la kuongea. Nani kafiwa, nani kauza ng'ombe, mgongo wako unaendeleaje. Lakini kama hujaongea hayo siku inakaa upande.

Shamba liko nje ya ua. Nilipofungiwa, Hoza akawa anakuja pale mpakani ananiita kutoka chini, ananisalimia kwa kilugha chetu.

"Mgoshi! Onga mashi!"

Mimi namjibu kutoka ndani ya ua. Hatuonani, ila tunasikizana.

"Bado umefungwa?"

"Bado!"

"Umeiba nini?"

Tunacheka. Ndicho kilikuwa chakula changu cha siku.

Elibariki akaja akasema, "Baba, usipige kelele kwenye baridi hii, utakohoa, watu watadhani una corona." Nikajibu polepole, Hoza hakusikia. Akaita tena siku kadhaa, kisha akaacha kuita.

Siku ile sasa.

Nimekula mchana, nimelala zizini kwenye gunia. Nimeamshwa na mjukuu mkubwa, Neema. Huyu ndiye aliyenifundisha simu, na kama kuna kitu kizuri kilichotoka kwenye kufungwa kule ni huyu mtoto. Akasema, "Babu, njoo uone sapraizi."

Nikauliza sapraizi ni mnyama gani. Akanishika mkono.

Nimefika mbele ya nyumba nikawakuta wote wamesimama wanatabasamu, hata wale wawili wasiosemezana. Mikono ina udongo. Baraza yangu imezungukwa na masale. Yamepangwa kwa kamba, yamenyooka, kati ya shina na shina kuna jiwe lililopakwa chokaa.

Mwanangu akasema, "Baba, tumefanya projekti. Mama Neema aliona kwenye simu. Dar hayo shina moja linauzwa kwenye chungu, hapa yamejaa bure."

Nikamwuliza, "Mmeyatoa wapi?"

Ninajua yametoka wapi. Nilitaka aseme yeye.

"Kule chini karibu na mti wa plamu. Yalikuwa yamejiotea tu, yanakula nafasi."

"Yote?"

"Tumeyamaliza," akasema mke wake, na alisema kwa furaha. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile anazungumza na mimi uso kwa uso. "Na pale tumepalima, baba, tumetifua vizuri mpaka ng'ambo. Watoto wamepanda karoti."

Mpaka ng'ambo. Mnaelewa. Ng'ambo ni kwa Hoza.

Mke wangu alitoka jikoni akaona. Akajishika mdomo akarudi ndani.

Nikamwambia mwanangu, "Elibariki. Ulipokuwa unakwenda shule ulipita kando ya masale haya kila siku. Ulidhani ni nini?"

Akasema, "Majani, baba."

Sikumpiga. Mtu mwenye tai humpigi. Nikasema yarudishwe saa hiyohiyo. Tukashuka wote, mara ya kwanza natoka nje ya geti, hata yeye hakukumbuka kukataza. Nimefika pale sioni kitu. Udongo umetifuliwa, umesawazishwa, una matuta ya karoti, umemwagiwa maji. Tuta la zamani lililokuwa chini ya masale limesambazwa. Mti wa plamu upo, kijito kipo, ila mstari haukuwa umenyooka, ulikuwa na kona zake. Wazee waligombana kwa ajili ya kona hizo.

Nisingeweza kuchomeka hata shina moja bila Hoza kuwepo. Popote ambapo ningelichomeka, ningekuwa naiba au najiibia.

Nikasema nitamwendea kesho asubuhi, niongee naye mwenyewe.

Asubuhi alinitangulia.

Nilisikia hodi getini. Nikaanza kuvaa viatu, na viatu vyangu vina kamba, na mgongo wangu haupindi upesi. Nikamsikia mwanangu amefika kabla yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Baba yako yupo?"

"Yupo, ila kipindi hiki hatupokei wageni, mzee wangu. Ni kwa usalama wenu. Kama kuna shida unaweza kupiga simu."

"Mimi ni mgeni?"

"Siyo hivyo mzee. Ni huu ugonjwa."

Nikatoka barazani na kiatu kimoja. Hoza alikuwa nje ya geti, ameshika nondo zake. Ametazama baraza. Akayapitia masale moja moja, na mawe yake meupe, kisha akanitazama mimi nimesimama katikati yake.

Wakuu, jiwekeni mahali pake. Umeona mtu ameng'oa mpaka wenu, ameupanda mlangoni kwake kama maua, amefunga geti, amemtuma mwanawe akufukuze, halafu yeye mwenyewe anatoka kukuangalia.

Nikasema, "Hoza, ngoja."

Nikamwambia mwanangu, "Fungua."

Akajipapasa mfukoni. Ufunguo hakuwa nao. Akaita, "Mama Neema, ufunguo." Mama Neema akasema yuko nao mtoto. Mtoto akasema ameuweka juu ya televisheni. Wote wakaingia kuutafuta.

Hoza akasema kwa upole tu, "Usijisumbue, mgoshi. Utapata baridi."

Akaondoka. Geti lilipofunguka njia ilikuwa tupu.

Shule zilipofunguliwa walirudi Dar. Walituaga vizuri, wakatuachia mchele na sabuni. Barabarani mwanangu akanipigia. "Baba, kama mzee Hoza bado amekasirika nitamnunulia miche mingine. Si majani tu?"

Nilikata simu. Kukata simu nako Neema ndiye aliyenifundisha.

Karoti ziliota. Hakuna aliyezing'oa. Ziliozea pale.

Nilimwendea Hoza kwake. Alinikaribisha, akanipa kiti, mkewe akaleta chai. Kila nikigusa habari ya mpaka anasema, "Kunywa chai, mgoshi, inapoa." Nikamweleza kwamba ni watoto, walikuwa wameboeka. Akauliza, "Wameboeka ndiyo nini?" Nikajaribu kumweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Walikuwa na chakula?" Nikasema walikuwa nacho. Akatikisa kichwa, akanimiminia chai nyingine.

Funzo langu naliweka hapa kabla ya kumaliza, maana mwisho wenyewe hauna maneno mengi.

Watu wanasema corona ilifunza familia kukaa pamoja. Labda yako. Yangu ilinifunza kwamba watu wasio na la kufanya, tena wanaokuita baba, ni wa kuogopa kuliko kikohozi. Na wewe kijana unayekwenda kwa wazazi, kabla hujapendezesha kitu uliza kinafanya kazi gani. Na mzee mwenzangu, usidhani mtoto anajua kwa sababu alipita hapo kila siku. Mwambie kwa mdomo.

Mwenye la kusema aseme hapo chini, hata kunilaumu. Mwenye njia ya kumrudisha mtu wa aina hii anieleze, nitasoma yote, polepole.

Ilikuwa hivi.

Nilimwendea balozi wetu wa nyumba kumi, nikamwomba aite kikao pale shambani, turudishe masale mbele yake, kwa zamu, kama walivyofanya wazee. Hoza akakubali kuja. Furaha ilininyima usingizi. Nikayang'oa masale barazani mwenyewe, nikayabeba kwa mafungu, nikayalaza chini ya mti wa plamu, mizizi nimeifunika kwa majani ya mgomba. Mke wangu akachemsha chai, akatoa kikombe cha bati ambacho Hoza hunywea akija kwetu.

Alikuja na panga lake. Akasalimia. Balozi akasema, "Mzee Hoza, wewe ndiye unayekumbuka, tuonyeshe mstari ulipopita, shina la kwanza apande mwenzako, la pili upande wewe."

Hoza akasimama akautazama ule udongo. Alitembea hatua chache kushuka, akarudi. Nadhani alikuwa anaiona ile kona ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeshachukua shina, nimeinama, nimeshika jembe, nangoja aseme "hapa".

Akasema, "Panda unapotaka."

Nikasema, "Hoza, twende wote. Sitaki kupanda peke yangu."

"Panda unapotaka, mgoshi. Mimi nimekubali popote."

Balozi akasema, "Mzee, usiseme hivyo, sema umekasirika tuyazungumze."

"Sijakasirika."

Na kweli hakuwa amekasirika. Nilimtazama usoni, nikatafuta hasira, ningeipata ningeishika hiyo hiyo.

Nikamwambia, "Basi njoo unywe chai kwanza. Imeshapikwa."

Akasema, "Natoka hapo tu."

Akaweka panga begani, akashika njia ya kijitoni. Hakuharakisha na hakugeuka.

Mke wangu alikifunika kile kikombe kwa sahani.